Udongo wa Madame Léa

Dada yangu Mbayo ana wivu. Nasema mapema, usije ukaniuliza baadaye mbona sikukuambia. Na si wivu wa kununa leo kesho ukapita. Wake una meno. Tulipokuwa watoto hapa Kamina, katika kambi ya watu wa reli, baba aliniletea kitambaa cha kichwa, mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimeugua. Mbayo alilia mpaka mama akachukua mkasi akakikata katikati. Basi tukabaki na vitambaa viwili visivyofunika kichwa cha mtu yeyote. Baba alikuwa mtu wa Kalemie, treni ndiyo iliyomleta, akatuachia Kiswahili chake na methali zake. Mama alikuwa Mluba wa hapahapa. Huo wivu sijui ni wa upande gani, kila upande unaukana.

Akaolewa na Muteba. Masikini Muteba! Mtu mkubwa, mpole, maneno yake machache. Kazi yake ni kutunza njia ya treni: kukaza boloti, kubadilisha mataruma yaliyooza, kung'oa majani. Zamani aliimba sauti ya chini katika kwaya ya parokia, sauti ambayo hata padri alikuwa anageuka kuitazama. Siku moja Mbayo akagundua kwamba wanaume wa sauti ya chini wanasimama nyuma ya wasichana wa sauti ya juu. Jumapili iliyofuata Muteba alikuwa ameketi benchi la nne, kando ya mkewe, anaimba kwa kunong'ona. Mimi Tshiala, mdogo mtu, nakaa nao katika parsele moja, ua mmoja, kwa hiyo sisimuliwi, naona kwa macho yangu.

Lakini usimdharau dada yangu. Asubuhi na mapema yuko karibu na stesheni na sufuria lake la uji, mahindi na soya, na mama wenye watoto wachanga wanampita kila muuzaji mwingine kuja kwake. Watoto waliokuwa na nywele nyekundu na miguu myembamba kama vijiti, nimewaona wakinenepa kwa uji ule. Soya analima mwenyewe, ng'ambo ya reli. Na hapo kwenye soya ndipo maneno yalipoanzia.

Shamba lililopakana na letu alikodi mwanamke anayeitwa Léa. Alitoka Malemba-Nkulu na watoto wake, mjane, akapata kazi ya kufundisha biolojia katika shule ya wasichana. Kila mtu anamwita Madame Léa. Shamba lake liko chini, kuelekea kijito, udongo wake mweusi. Letu liko juu, mchanga mweupe. Walinunua mbegu kwa mtu mmoja, wakapanda wiki moja, mvua ikawanyeshea pamoja. Soya ya Madame Léa ikatoka kijani kile cha kukaribia weusi, ikafika kiunoni. Ya Mbayo ikawa ya manjano.

"Tazama, Tshiala," aliniambia, amesimama mpakani, mikono kiunoni. "Mbegu ni moja, mvua ni moja. Juu ya nini yake iko nanenepa na yangu iko sawa muntu ya malaria?"

"Labda udongo wake ni mzuri."

"Bulongo!" Hapa Kamina udongo tunauita bulongo. "Mwaka ulepita mihogo ya pale chini ilikuwa inakufa. Leo bulongo imekuwa mizuri juu ule mwanamuke amefika? Na anatembea vile. Umeona namna anatembea?"

Nilikuwa nimeona. Anatembea kama mtu yeyote mwenye miguu miwili.

Madame Léa mwenyewe alijaribu. Siku moja aliita kutoka upande wake: "Mama Edmond, kuya nikuonyeshe kitu ku mizizi ya soya!" Edmond ndiye mtoto wa kwanza wa Mbayo. Dada yangu akajibu kwamba mizizi anayo mingi nyumbani, asante. Tulipofika nyumbani akatangaza sheria mbele ya mumewe: hakuna kitu cha mkono wa yule mwanamke kitakachoingia kwake, hata chumvi, hata moto wa kuwashia mkaa. Muteba akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Ningejua kichwa kile kilikuwa kinawaza nini!

Msimu uliofuata soya ilipochipua, Mbayo akaanza kutazama viatu vya mumewe. Wewe ungetazama viatu vya mumeo? Yeye alitazama. Viatu vya mtu wa reli hushika mafuta, kutu na vumbi la kokoto. Vya Muteba vilikuwa na tope jeusi kwenye kisigino. Tope jeusi liko sehemu moja tu upande ule. Siku ya pili, jeusi tena, na safari hii hata kwenye goti la suruali.

"Kwenye goti, Tshiala! Muntu anapiga magoti mu shamba ya mwanamuke juu ya nini? Banasali rozari?"

Na kusema kweli, na mimi moyo wangu uliruka. Tukaenda shambani wakati yeye yuko kazini. Mawee! Kando ya mistari ya soya yetu, kwenye mchanga wetu mweupe, kulikuwa na udongo mweusi umemwagwa, umefukiwa kidogo kwa mkono, mstari baada ya mstari, mpaka kule kwenye kichuguu.

Hapa inabidi nikueleze, kama wewe si mtu wa huku. Udongo wa shamba la mtu haubebwi. Akichota wako, amechukua mavuno yako, utalima mpaka mgongo ukatike na utavuna majani. Akileta wake akaumwaga kwako, amekuzika ungali unatembea. Hata jembe, ukitoka shamba la mwenzako, unalikung'uta palepale mpakani mbele ya macho yake. Udongo hautembei bila sababu, ndivyo tulivyolelewa, na hakuna aliyewahi kutupa sababu nzuri ya kutoamini.

Mbayo hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Alisema polepole, "Ananizika. Ananizika na mikono ya bwana yangu, halafu ataingia mu nyumba yangu." Kisha akaenda kuleta majembe.

Tuliparua udongo ule wote. Tulikuwa tunajaza mabeseni na kwenda kuyamwaga kwenye tuta la reli. Soya nyingine ilikatika mizizi, hatukujali. Nilifanya kazi kama ninayelipwa. Mstari wa kichuguuni tu ndio tuliouacha, siafu walinipanda mpaka mapajani nikakimbia nikiruka kama mwendawazimu, na Mbayo akasema basi, huo wacha, siafu wenyewe watakula bulozi yake, huo uchawi.

Muteba aliporudi alikuta sanduku lake nje ya mlango.

"Mama Edmond," alisema, "ile bulongo ni dawa ya soya. Niliiomba kwa Madame. Mule ndani iko badudu badogo, hatuwezi kubaona na macho, banafanya kazi ku mizizi. Yako inakuwa ya manjano juu haina bale badudu."

Dada yangu alicheka. Alicheka mpaka jirani wakatoka. "Badudu! Mumesikia? Bwana yangu anapiga magoti mu shamba ya mujane juu ya badudu!"

Mimi nilicheka pia. Nani asingecheka? Wanaume wametoa sababu nyingi tangu Adamu, lakini hiyo ilikuwa mpya. Muteba akatutazama mmoja mmoja, akanyanyua sanduku, akaenda kwa mwenzake wa kazi, Zébédée, kule kambini. Akakaa huko mpaka soya ikaanza kutoa maua.

Wakati wote huo Mbayo hakulala vizuri. Mchana alisema hamtaki tena, jioni alinituma nipite kwa Zébédée "kwa bahati tu" nione Muteba amekula nini. Kwenye uji aliwaambia wateja kwamba Léa ni mulozi, mchawi. Neno hilo mjini kwetu si neno la mchezo. Watoto wa Madame Léa wakaanza kutembea peke yao kwenda shule. Ndipo Papa Mwanza, mkubwa wa shirika letu la sala, mzee mstaafu wa reli, akasema imetosha. Akatuita sote Jumamosi baada ya sala: Mbayo, Muteba, Madame Léa, na yeyote mwenye sikio. Kwa ombi la Madame Léa tulikutana katika darasa lake, na juu ya meza, karibu na dirisha, alikuwa ameweka hadubini.

"Yeye ameleta mashine," Mbayo alininong'oneza. "Minyi nimeleta kinywa."

Akakitumia. Alisema yote, viatu, goti, udongo, sanduku. Alitaka mambo mawili: yule mwanamke ahame, na Muteba aseme mbele ya watu anamtaka nani. Sauti yake ilikatika kwenye jambo la pili. Muteba alikuwa anatazama sakafu.

Madame Léa hakujitetea hata kwa neno moja. Alimwomba Papa Mwanza atoe mimea aliyokwenda kuing'oa mwenyewe asubuhi ile, ili mtu asiseme kuna ujanja. Mmoja alikuwa wa shamba la Madame. Mizizi yake ilikuwa imejaa vifundo, mviringo, ukubwa wa punje ya mtama na zaidi.

"Ugonjwa," Mbayo alisema.

"Tutaona." Madame akachukua wembe, akakata kifundo katikati. Ndani kilikuwa chekundu. Chekundu kabisa, kama nyama. Darasa zima likasema eeh. Akakata tena, safari hii ngozi nyembamba kama karatasi, akaiweka kwenye kioo na tone la maji, akazungusha vioo vyake, kisha akamwita dada yangu atazame. Mbayo akakataa. Halafu akaona watu wengine wanataka kwenda kabla yake, akaenda mbio.

"Unaona nini?" Madame aliuliza.

"Ukuta. Mviringo. Na ndani… vyumba. Vyumba vingi."

"Ni seli za mzizi. Zile kubwa zimevimba sawa gunia, zimejaa?"

"Zimejaa punje-punje mpaka pa kupita hapana."

"Zile punje njo bakteria, bale badudu baba Edmond alikuambia. Bako maelfu mu seli moja tu."

Mbayo hakuinua kichwa. Madame akaendelea kueleza, kwa sauti ile ya mwalimu, polepole. Bakteria wanaishi katika udongo. Mzizi ukiwahitaji unatoa harufu yake, nao wanasikia, wanakuja. Unywele wa mzizi unajikunja na kumkumbatia aliyefika.

"Unamukumbatia?" Mbayo aliuliza, jicho bado kwenye kioo. "Palepale inje?"

Watu walicheka. Madame Léa hakucheka. Alisema ndiyo, kisha mzizi unamfungulia kijia chembamba kama uzi, bakteria anapita humo anazaana mpaka katikati, na seli za mzizi zinaanza kugawanyika, zinamjengea nyumba, ndiyo hicho kifundo. Kila bakteria anayeingia katika seli anavishwa ngozi na mmea. Humo ndani analishwa sukari. Na yeye anachukua hewa hii tunayoipumua, anaigeuza kuwa chakula ambacho majani hayawezi kujipatia yenyewe. Zile seli nyembamba tupu katikati ya zilizojaa zinasaidia kukitengeneza na kukisafirisha, na mishipa iliyozunguka pembeni inakipeleka juu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Papa Mwanza akasema, ameridhika sana.

"Na ule wekundu?" niliuliza mimi.

"Ni sawa damu. Unashika oksijeni ya mu hewa, unaigawa kidogo-kidogo. Ikiwa mingi, kazi inakufa. Ikikosa kabisa, bakteria anakufa. Mumea unamupimia."

"Na akikaa bure?" Mbayo aliuliza. "Anakula tu, hafanyi kazi?"

"Inaweza kumukatia chakula."

"Na amefungwa mule, hawezi kwenda ku mumea ingine?"

"Wakati iko hai, hapana."

"Mumea iko na akili," dada yangu alisema, na safari hii hata Muteba alitaka kucheka, nilimwona.

Papa Mwanza akatoa mmea wa pili, wa shamba letu, mahali tulipoparua. Majani ya manjano, mizizi mitupu kama uzi. Vifundo vidogo viwili tu, na Madame alipovikata, ndani vilikuwa vyeupe. Akatoa wa tatu. Ulikuwa wa kijani. Mizizi yake imejaa vifundo, na kifundo kilipokatwa, kilikuwa chekundu.

"Huu ni wa Madame tena," Mbayo alisema.

"Hapana," Papa Mwanza alisema. "Huu nimeung'oa kwako, kichuguuni. Siafu wameniuma mpaka huku."

Nilitazama viatu vyangu. Mbayo alichukua ule mmea mkononi, akaugeuza, akaugeuza tena. Madame Léa akasema kwa sauti ndogo kwamba msimu wake wa kwanza hapa mtu wa mradi wa kilimo alimpa unga mweusi wa kuchanganya na mbegu, ndiyo waliokuwamo hao bakteria, na tangu hapo wamebaki katika udongo wake. Soya ni mgeni huku, wenyeji wake hawamo katika mchanga wetu. Muteba alikuja kuomba, mara nyingi, kwa adabu, akisimama mpakani. Alimwambia achote karibu na mizizi, na kuchota karibu na mizizi lazima upige magoti.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kazini, wakati mkewe yuko na sufuria stesheni, mtu yule alikuwa anabeba udongo wa aibu kichwani, beseni baada ya beseni, ili soya ya Mbayo ipate rangi. Nasi tukaenda kuumwaga kwenye reli. Reli anayoitunza yeye.

Mbayo alisema, "Baba Edmond, turudi nyumbani."

Muteba alisimama. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kama siku ile.

"Minyi nilikuambia kweli siku ya kwanza, ukanicheka mbele ya bantu. Ulinikataza kwaya, niliacha. Ulinikataza kusalimia, niliacha. Sasa sirudi bure. Nitarudi siku utaenda weye mwenyewe kwa Madame, muchana, na beseni yako. Utaomba, utachota, utabeba ku kichwa, utapita mu soko, bantu bote bakuone. Kama ni bulozi, ikuwe bulozi yetu sisi babili."

Akatoka. Hakuna aliyemzuia.

Dada yangu alinuna wiki nzima. Alisema atakufa kwanza. Alisema mwanamume ni nini, reli imejaa wanaume. Alisema kuomba kitu kwa Léa ni kama kula matapishi. Kisha siku ya soko, jua likiwa utosini, nikamwona anavaa kikwembe chake cha Krismasi, kile kitenge cha heshima, ananyanyua beseni. "Unakuya ama hauyi?" aliniambia.

Madame Léa alikuwa shambani. Hakutabasamu, na sikumlaumu.

"Madame," Mbayo alisema, "nilikuita mulozi. Soya yako ilikuwa mizuri, minyi sikukuwa na kitu ingine ya kukutukana. Naomba bulongo."

"Mwaka huu umechelewa. Itakusaidia musimu ya kuya."

"Hata vile, naomba."

Madame akaegemea jembe lake. "Watoto yangu bako natembea bo peke ku masomo," alisema. "Utapita nayo mu soko kweli?"

"Nitapita nayo mu soko."

"Basi chota. Karibu na mizizi."

Mbayo akapiga magoti katika tope na kikwembe chake cha Krismasi. Akajaza, nikamtwika, tukapanda kuelekea soko. Watu walitupisha njia. Mama mmoja wa uji, mteja wake wa kila siku, akamvuta mtoto wake nyuma ya sketi. Mtu akasema, "Mulozi iko nabeba bulongo na jua kali!" Mbayo akasimama, shingo imenyooka chini ya beseni, jasho na tope jeusi vinamtiririka usoni. "Njo minyi," alisema. "Imetoka kwa Madame Léa. Nimeiomba, amenipa. Yeye si mulozi, minyi njo nilisema uwongo. Mwenye anataka kunitazama anitazame." Akaendelea kutembea.

Penye njia panda ya reli walikuwapo watu wa kazi, na Muteba kati yao. Aliweka spana chini. Akaja, akainama kidogo, akaupokea ule mzigo kutoka kichwani mwa mkewe na kuuweka juu ya chake. Halafu Mbayo, huyohuyo Mbayo, akamuuliza: "Ile siku ya kwanza, yeye njo alikujazia beseni, ama ulichota weye?"

"Nilichota minyi."

"Vizuri."

Wakaenda mbele yangu kuelekea shamba, yeye na beseni, mke akimpangusa tope la sikioni kwa ncha ya kikwembe. Mume wangu mimi yuko Kolwezi. Alikwenda kutafuta maisha, akayapata, na akipiga simu anauliza kama betri ya redio yake bado ni nzima. Hakuna mtu aliyewahi kuamka gizani kunibebea hata kiganja cha udongo. Niliwafuata nyuma, nikitazama migongo yao, na nilikuwa naomba beseni lile lianguke.